Sanduku la Viatu, Namba Tisa

Bi Arlene Stavrou hakuniuliza barua ya utambulisho.
Alinipa slipa za marehemu, sakafu ya chini ni baridi,
akasema: shuka, ila makopo yangu ya nyanya usiyaguse.

Chini, kati ya nyanya na jiko bovu,
Jumatano za miaka ishirini na miwili
zimefungwa kwa kamba za viatu.

Mji huu wa Ohio una chuo, maghala mawili ya mahindi,
na reli isiyobeba tena abiria.
Nani angejua kwamba katika ukumbi wa kemia,
jedwali la elementi likishakunjwa
na shuka ya hospitali kutundikwa mahali pake,
ziliwaka hapa sinema za nchi
ambazo posta ya mji haikujua hata kuziandika?

Naorodhesha. Ndiyo kazi niliyokuja kufanya.
Kalenda, wino wa zambarau, Februari 1971,
imekunjwa mara nne, doa la kahawa pembeni.
Vishina vya tiketi, mia tatu na sita, vyekundu.
Kopo moja la mkanda, linanuka siki:
filamu huoza hivyo, kama kachumbari iliyosahauliwa.
Barua kutoka Chicago: mkanda wetu umerudi umekatika,
tunadai dola arobaini.
Nyuma yake, kwa penseli, mwandiko wa Stelios:
Ulikuja umekatika. Hatulipi.

Profesa Haas, aliyeongoza chama kile kingine,
kile cha Ijumaa, chenye viti vya kitambaa,
aliniapia kwamba wao ndio walioanza,
na kwamba ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa ngazini.
Wote huniambia ulifurika.
Daftari linasema arobaini na mmoja.
Linasema kumi na tisa. Linasema balbu imeungua,
tumewarudishia pesa, mmoja amekataa kupokea.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga;
hapa mali ilikwenda zake, daftari likabaki,
na mimi na glavu zangu za pamba tunalibembeleza.

Januari, usiku wa tufani ya theluji:
Waliokuja: watatu. Tumeonyesha.
Nukta ya mwisho kaikandamiza
mpaka karatasi ikatoboka.

Lakini kuna safu ya nne, nyembamba, ya watu wa bure.
Kila Jumatano, mtu mmoja: A.
Baridi, joto, likizo, mitihani. A.
Nikapanda ngazi na daftari mkononi,
nikiwa na adabu ya mtu anayebeba aibu ya mwingine.

Bi Arlene akavaa miwani. Akacheka, kisha akaacha.
A ni mimi, akasema, na sikwenda hata siku moja.
Nilikuwa zamu ya usiku, nafua mashuka ya hospitali,
moja lilinipotea, nadhani umeshajua liliko.
Yeye akinikatia tiketi. Akiniwekea kiti karibu na mashine.
Hata mtu akisimama, kile hakaliwi.

Basi takwimu zangu, kurasa zote,
zilizopitishwa na kamati, zilizopigwa chapa,
zina mtu mmoja zaidi.

Na ule usiku wa theluji? nikamuuliza.
Barabara zilifungwa. Zamu haikuwapo.
Akageuza kopo la nyanya, akalisoma tarehe,
kana kwamba ndilo nililouliza.
Theluji ziko nyingi, akasema. Siikumbuki hiyo.

Kwa hiyo nimeandika, sanduku namba tisa, kipengele cha kumi na nne:
Waliokuja: watatu, au wawili.
Kamati itarudisha. Na irudishe.

Nilipokuwa nafunga koti aliita kutoka jikoni,
maji yakimwagika:
slipa ziache hapohapo mlangoni, zitazame upande wa ndani.